Hesabuni miti inayozaa: barua ya wazi kwa wanaopeleka aina mpya za matunda na njugu za mitini kwa wakulima wa nchi nyingine

Waheshimiwa mawaziri wa kilimo, wakuu wa mashirika ya misaada, wakurugenzi wa vituo vya utafiti, pamoja na ninyi nyote mnaotia saini bajeti za miradi,

Nawaandikia kuhusu kazi mnayoifanya kwa nia njema lakini ambayo mara nyingi huachwa kabla haijafika: kuwapelekea wakulima wa nchi nyingine aina mpya za miti ya matunda na ya njugu za mitini, yaani korosho, lozi, jozi, makadamia, pistashio na nyinginezo za jamii hiyo. Ombi langu kubwa ni moja, na nalitanguliza ili msilazimike kulitafuta. Naomba hasara inayoweza kutokea wakati bado haijulikani kama aina ngeni itafaa mahali fulani ibebwe na ninyi, katika mashamba yenu ya majaribio na kwa bajeti zenu, wala isihamishiwe kwa mkulima kwa jina la msaada. Likikubaliwa hilo, itafuata yenyewe kwamba mafanikio ya miradi hii yapimwe kwa miti inayozaa, si kwa miche iliyogawiwa.

Sisemi kwamba aina ngeni zisipelekwe. Sehemu kubwa ya matunda yanayouzwa duniani leo hulimwa mbali sana na asili yake. Mkorosho ulitoka kaskazini mashariki mwa Brazili, ukavushwa na Wareno hadi India na Afrika Mashariki katika karne ya 16. Chungwa la Washington Navel, lisilo na mbegu, lilipelekwa Marekani kutoka Bahia, Brazili, mwaka 1870, na miti michache iliyopandwa Riverside, California, mwaka 1873 ndiyo iliyoanzisha kilimo kikubwa cha machungwa hayo huko. Ninachosema ni kwamba historia hizi husimuliwa kwa kifupi mno, kana kwamba mtu alirudi na kikonyo, yaani kijiti cha kubebeshwa juu ya mti mwingine, mfukoni na wakulima wakatajirika mwaka uliofuata.

Zitazameni historia mbili nyingine kwa karibu. Mwaka 1927 Walter Swingle, mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, alipata machipukizi 11 ya mtende wa Medjool kutoka Bou Denib, Morocco, wakati ambapo ugonjwa wa bayoud, unaosababishwa na kuvu wa udongoni, ulikuwa ukiiangamiza mitende ya nchi hiyo. Machipukizi hayo hayakugawiwa kwa wakulima. Yalipandwa Nevada, mbali na mashamba ya mitende, yakakaa chini ya karantini kwa miaka kadhaa, na 9 kati yake yakanusurika. Ni mwaka 1936 tu ndipo uzao wake ulipohamishiwa California kuendelezwa. Pistashio nayo ilichukua muda mrefu zaidi. Mnamo 1929 William Whitehouse, mtaalamu wa mimea wa Marekani, alitumwa Iran kukusanya mbegu. Kutokana na mbegu hizo ilichaguliwa aina iliyoitwa Kerman, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1957, na mavuno ya kwanza ya kibiashara huko California yakapatikana mwaka 1976. Kati ya safari ile na mavuno yale ipo miaka 47, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo aliyekuwa akisubiri, akipalilia na kung'oa miti isiyofaa alikuwa kituo cha utafiti cha serikali. Hakuna familia iliyolala njaa kwa sababu mche fulani katika kituo hicho ulikataa kuzaa.

Linganisheni na utaratibu wa miradi mingi ya siku hizi. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa kwa kawaida katika mwaka wa tatu au wa nne. Mti wa makadamia uliobebeshwa, mwaka wa nne au wa tano. Mpistashio huhitaji miaka 5 hadi 7 kabla ya mavuno ya kwanza yenye maana, kisha miaka mingine mingi kufikia uzaaji kamili. Mradi wa kawaida una miaka mitatu, ukibahatika mitano. Kwa hiyo mradi hufungwa, ripoti huandikwa, magari hurudishwa makao makuu, na mti bado haujatoa ua. Katika ripoti hizo idadi ya miche iliyogawiwa huwekwa mbele, ya watu waliohudhuria mafunzo hufuata, na ya miti iliyo hai baada ya ukame wa pili huwa haionekani popote. Siwalaumu wanaoziandika, kwa sababu wameulizwa swali la miche, nao wamelijibu. Aliyeuliza swali ndiye ninayemwandikia.

Mbegu ya mahindi isipofaa, mkulima hupoteza msimu mmoja, na mwaka unaofuata hurudia mbegu yake ya zamani. Kwa mti mambo ni mengine. Mkulima hutoa kipande cha ardhi kilichokuwa kikimlisha, huchimba mashimo, hubeba maji, hujenga uzio dhidi ya mbuzi, kisha husubiri miaka kadhaa bila mapato kutoka kipande hicho. Akigundua katika mwaka wa saba kwamba aina aliyopewa haichanui vizuri katika mwinuko wa shamba lake, hakuna wa kumrudishia miaka hiyo, na mara nyingi hata namba ya simu aliyopewa na mradi haipatikani tena.

Chanzo cha kwanza cha hasara hizi ni hali ya hewa, na hasa jambo ambalo watu wa nchi za joto hawalizoei. Mitufaha, mipeasi, mipichi, milozi, mijozi na mipistashio hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi, na macho yake hayaamki sawasawa mpaka yamekusanya saa za kutosha za ubaridi, ambazo kwa kipimo cha zamani huhesabiwa chini ya nyuzi 7.2 za Selisiasi. Saa hizo zisipotimia, maua hutoka machache, kwa vipindi visivyolingana, na matunda hupungua au hukosekana kabisa. Mahitaji hutofautiana sana kati ya aina na aina. Tufaha la Anna, lililozalishwa Israeli, na la Dorsett Golden, lililopatikana Bahamas, huridhika na saa chache sana, na ndiyo maana yamefika mpaka kwenye nyanda za juu za tropiki ambako matufaha mengi ya Ulaya yangetoa majani tu. Lakini hata hapo kuna sharti: Anna huzaa vizuri zaidi likichavushwa na aina nyingine inayochanua wakati uleule, na Dorsett Golden ndiyo mwenzake wa kawaida. Anayepeleka Anna peke yake amepeleka nusu ya kitu.

Na msidhani kwamba jambo hili huwapata wageni wa kilimo pekee. Baada ya majira ya baridi yenye joto lisilo la kawaida, wakulima wa pistashio wa California, wenye vituo vya hali ya hewa, washauri na bima, walivuna mwaka 2015 maganda mengi matupu, kwa sababu miti dume na miti jike haikuchanua pamoja. Wao waliweza kungoja mwaka uliofuata. Mkulima mwenye miti 20 na deni la mbolea angekuwa amekwisha kuikata kuni.

Kwa upande mwingine, palipo na baridi ya kutosha, hatari huwa jalidi ya mwisho wa majira. Mlozi huchanua mapema kuliko karibu miti mingine yote ya matunda ya ukanda huo, na usiku mmoja wa jalidi huweza kumaliza mavuno ya mwaka. Watafiti wa Murcia, Hispania, walilishughulikia tatizo hilo kwa kuzalisha milozi inayochelewa kuchanua, kama Penta na Tardona. Aina kama hizo zipo na zinapatikana, lakini kuzichagua kunahitaji mtu aliyekaa na kumbukumbu za jalidi za wilaya husika, na kumbukumbu hizo zinatakiwa ziwepo kabla ya kuagiza miche, si baada ya kuipokea uwanja wa ndege.

Kwa sababu hizo naomba majaribio yafanywe katika maeneo kadhaa yenye miinuko na udongo tofauti, na yaendelee mpaka miti izae kwa misimu kadhaa. Mavuno ya mara moja hudanganya. Mparachichi na mpistashio vina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata, na mtafiti aliyepima mwaka wa neema pekee ataandika makadirio ambayo mkulima hatayaona tena.

Chanzo cha pili ni uchavushaji, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiko ninakoona uzembe usio na udhuru. Mpistashio una mti dume na mti jike, na chavua huchukuliwa na upepo. Dume mmoja huweza kutosha majike 8 au zaidi, mradi awe upande wa upepo na achanue pamoja nao. Mradi unaogawa miche mitano mitano kwa kila kaya, yote ya kikonyo kimoja cha jike, umegawa miti ya kivuli. Hata dume akiwamo kwenye mgao, kama hakuna aliyemweleza mkulima kazi yake, nani atamlaumu akiukata mti ambao mwaka baada ya mwaka hautoi hata punje moja?

Ua la parachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa tayari kupokea chavua, kisha likiitoa. Katika aina za kundi A, kama Hass, ua hupokea asubuhi ya siku ya kwanza na hutoa alasiri ya siku ya pili. Katika kundi B, kama Fuerte, hupokea alasiri na hutoa asubuhi inayofuata. Shamba la Hass tupu huweza kuzaa, kwa kuwa hali ya hewa huvuruga ratiba hiyo na vipindi vikaingiliana, lakini mchanganyiko wa makundi hayo mawili, pamoja na nyuki wa kutosha, huongeza uhakika wa mavuno. Mlozi wa Nonpareil, unaopendwa sana na wanunuzi, hauwezi kujichavusha kabisa. Unahitaji aina nyingine jirani na nyuki wa kuhamisha chavua. Ipo milozi inayojichavusha yenyewe, kama Tuono ya Italia, na kwa kaya yenye miti minne au mitano tofauti hiyo huamua kama kutakuwa na mavuno au la.

Dawa ya tatizo hili si ghali. Mgao upangwe kwa kijiji badala ya kwa kaya, ili aina zinazochavushana ziwe jirani. Kila furushi la miche liwe na mchanganyiko unaoeleweka. Na dawa za wadudu zisipigwe wakati wa maua. Inahitaji tu mtu mmoja mwenye ujuzi, mwenye ramani ya kijiji mkononi, na mamlaka ya kukataa orodha iliyoletwa na mzabuni wa bei ya chini.

Kuna nusu ya mti ambayo haionekani, na kwa kuwa haionekani, haimo katika nyaraka nyingi za zabuni. Mche uliobebeshwa ni mimea miwili, kikonyo juu na shina la chini linalobeba mizizi, na shina hilo huamua jinsi mti utakavyokabili ukame, chumvi, maji yaliyotuama na magonjwa ya udongoni. Kwa vizazi vingi mdanzi ulipendwa kuwa shina la chini la michungwa kwa sababu huvumilia kuoza kwa mizizi na hutoa matunda yenye ubora. Kisha virusi vya tristeza vikasafiri na miche na vikonyo kutoka bara moja hadi jingine, vidukari vikavieneza shamba kwa shamba, na katika miaka ya 1930 na 1940 mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya mdanzi ikafa huko Argentina na Brazili. Chungwa lenyewe halikuwa na kasoro, wala mdanzi peke yake. Muungano wao ndio uliokufa. Nchi iliyokuwa na shina la chini la aina moja ilijikuta haina pa kukimbilia.

Mfano wa pili wa shina la chini ni mpole zaidi lakini hutokea mara nyingi. M9, shina fupi la mtufaha lililotoka kituo cha East Malling, Uingereza, hufanya mti uzae mapema na uchumwe bila ngazi, na kila mtaalamu aliyetembelea mashamba ya Ulaya hurudi akiusifia. Lakini mizizi yake ni dhaifu. Mti huhitaji nguzo ya kuushikilia maisha yake yote na maji ya uhakika. Kumpelekea mkulima asiye na nguzo wala umwagiliaji ni kumpa mti utakaoanguka ukiwa umebeba matunda.

Virusi vya tristeza vinanileta kwenye jambo ambalo ningependa kila mwenye mamlaka alichukulie kwa uzito kuliko mengine yote, kwa maana makosa mengine humpata aliyepewa mche, na hili humpata hata jirani ambaye hakuomba kitu. Mwaka 1904 ugonjwa mgeni ulionekana kwenye miti ya chestinati katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Kuvu wake alikuwa ameingia na miche ya chestinati kutoka Asia, iliyoagizwa kihalali na watu waliotaka aina bora. Katika muda wa takribani nusu karne ugonjwa huo uliangamiza mabilioni ya miti ya chestinati ya Kimarekani, iliyokuwa ikilisha watu, mifugo na wanyama wa porini. Limau la Meyer, lililoletwa Marekani kutoka China na Frank Meyer mwaka 1908, lilipandwa kwa miongo kadhaa kabla ya kugundulika kwamba mingi ya miti hiyo ilibeba virusi vya tristeza bila kuonyesha dalili yoyote. Ilibidi kutafutwa mti safi, na uzao wake ukatolewa California mwaka 1975. Mti unaoonekana mzima kwa macho si ushahidi wa kitu chochote.

Najua, na ninyi mnajua, kwamba vikonyo bado husafiri ndani ya masanduku ya nguo, vimefungwa kwa gazeti lenye unyevu, na kwamba wanaovibeba mara nyingine ni wataalamu wenyewe, kwa haraka ya kuwahi msimu wa kubebesha. Cheti cha afya ya mimea huonekana kwao kama urasimu. Wakati huohuo njia salama ipo. Mshelisheli wa aina ya Ma'afala, kwa mfano, umezalishwa kwa tishu katika maabara na tangu mwaka 2009 umepelekwa katika nchi nyingi za tropiki ukiwa mche mdogo usio na udongo, kwa ushirikiano na taasisi ya mishelisheli iliyoko Hawaii. Si kila mti unaokubali njia hiyo kwa urahisi, lakini palipowezekana, hakuna sababu ya kuendelea kusafirisha mizizi yenye udongo wa nchi nyingine. Na pale isipowezekana, tumieni karantini ya kweli, yenye kitalu kilichofungwa, vipimo vya virusi na mlinzi anayelipwa mshahara wake kwa wakati.

Kuhusu majina ya aina nitasema machache. Huko Hispania mlozi ulioitwa Guara ulitolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980 kama aina ya peke yake. Miaka mingi baadaye vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba ni Tuono ileile ya Italia. Hakuna aliyeumia sana, kwa sababu Tuono ni mlozi mzuri. Lakini kama hilo liliwezekana katika nchi yenye maabara na wataalamu, fikirini kitalu cha kando ya barabara kinachonunua vikonyo kwa mtu wa tatu. Mkulima hawezi kuiona kasoro hiyo siku ya kupokea mche. Ataiona siku ya kuvuna. Kila nchi inayopokea aina mpya inahitaji bustani mama yenye miti iliyopewa namba, iliyopimwa vinasaba na virusi, na kila mche unaotoka uwe na lebo inayotaja kikonyo, shina la chini, kitalu na tarehe ya kubebeshwa. Afghanistan, pamoja na misukosuko yake yote, iliweza kuwa na mkusanyo wa taifa wa aina za matunda na njugu zake na chama cha wenye vitalu kilichouza miche yenye lebo. Hivyo udhuru wa kwamba mazingira ni magumu hauna nguvu sana.

Mfano wa Afghanistan una fundisho jingine: kazi hiyo ilijumuisha kuzitambua na kuzihifadhi aina zilizokuwamo nchini tayari. Nchi nyingi mnazozipelekea miche ndizo chimbuko la miti hiyo. Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Kisovieti, alipofika Almaty, Kazakhstan, mwaka 1929 alikuta mitufaha ya mwituni imeizunguka, akaona kwamba hapo ndipo asili ya tufaha. Miongo sita baadaye wataalamu wa Marekani walikwenda Kazakhstan kukusanya mbegu za mitufaha hiyo kwa ajili ya kutafuta ukinzani wa magonjwa. Kupeleka aina moja ya kisasa mahali kama hapo, huku aina za wenyeji zikikatwa kuipisha, ni hasara kwa dunia nzima.

Kuna njia ambayo haimlazimishi mkulima kuchagua kati ya chake na kigeni. Katika nchi za Sahel, mikunazi ya aina zilizochaguliwa India, kama Gola na Seb, yenye matunda makubwa kuliko ya porini, imebebeshwa juu ya mashina ya mikunazi ya hukohuko, ambayo mizizi yake imekwisha kuzoea ukame. Vivyo hivyo mwembe au mkorosho mkongwe unaweza kukatwa na kubebeshwa kikonyo kipya, ukazaa mapema kuliko mche, kwa kuwa mizizi ipo tayari. Tena aina ngeni ikishindwa, tawi moja lililoachwa la aina ya zamani humrudisha mkulima alikotoka. Nashangaa kwamba njia hii hutumiwa kidogo sana, isipokuwa labda kwa sababu haitoi takwimu nzuri za miche. Na kule Kameruni, watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto walianza kwa kuwauliza wakulima ni miti gani wanaithamini, wakaelekezwa kwenye miti ya kienyeji kama safou, wakafundisha vitalu vya vijiji namna ya kuizalisha kutoka kwenye miti bora iliyochaguliwa na wenyeji wenyewe.

Yapo pia mambo ya sheria ambayo mkulima hujulishwa akiwa amechelewa. Chini ya mkataba wa UPOV wa mwaka 1991, unaolinda haki za wanaozalisha aina mpya za mimea, aina mpya ya mti inaweza kulindwa kwa muda usiopungua miaka 25, na katika muda huo kuizalisha kwa ajili ya kuuza bila kibali cha mwenye haki ni kosa. Mkataba wa kimataifa wa rasilimali za kijenetiki za mimea wa mwaka 2001 hurahisisha kubadilishana mimea kadhaa, ukiwamo mtufaha, jamii ya michungwa, mnazi na mshelisheli, lakini orodha yake haina mwembe, mparachichi, mkorosho wala mlozi. Kwa miti hiyo mazungumzo hufanywa nchi kwa nchi, chini ya Itifaki ya Nagoya, inayohusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, kwa nchi zilizoiridhia. Mkulima anayefundishwa kubebesha ana haki ya kuambiwa siku hiyohiyo kama kikonyo alichoshika ni huru au kina mwenyewe.

Juu ya soko, tahadhari moja yatosha. Embe la Tommy Atkins lilikataliwa mwanzoni na wajuzi wa maembe wa Florida kwa sababu ya nyuzinyuzi na ladha yake ya kawaida, lakini kwa kuwa lina rangi, huvumilia safari na hukaa muda mrefu, lilienea duniani. Kama mnunuzi ni meli ya kwenda mbali, chaguo hilo lina mantiki. Kama mlaji ni mtoto wa mkulima, halina. Amueni ni yupi kabla ya kuchagua aina. Kwa njugu za mitini mzigo ni mkubwa zaidi, kwa sababu uzuri wa aina hauokoi zao lililokaushwa vibaya: mwaka 1997 Jumuiya ya Ulaya ilisimamisha kwa muda uingizaji wa pistashio kutoka Iran kwa ajili ya sumukuvu, na Iran ni nchi iliyolima zao hilo tangu zamani. Mradi wa miche usio na vichanja vya kukaushia, maghala na kipimo cha unyevu umeishia mlangoni mwa soko.

Sijagusa suala la ardhi, ambalo lingehitaji barua yake. Nitaje tu kwamba mpangaji wa shamba, na mwanamke asiye na hati, mara nyingi hawaruhusiwi kupanda mti wa kudumu, na orodha ya wanufaika isiyoliuliza hilo huwa imekwisha kuchagua nani ataachwa.

Ninachowaomba, basi, kinaweza kuandikwa katika mkataba wowote wa ufadhili. Aina ngeni isigawiwe kwa wingi kabla haijazaa katika majaribio ya nchi husika. Mkulima atakayekubali kuipanda mapema, kwa hiari na akijua kwamba ni jaribio, alipwe kwa ardhi na kazi yake mpaka mti utakapozaa, kama mnavyomlipa mtafiti. Sehemu ya fedha, tangu siku ya kwanza, itengwe kwa ajili ya miaka ya baada ya mradi kufungwa: mshahara wa afisa ugani, matunzo ya bustani mama, na ukaguzi wa mwaka wa kumi utakaofanywa na watu wasio waajiriwa wenu na kuchapishwa hadharani kwa lugha wanayoisoma wakulima, pamoja na aina zilizoshindwa na sababu za kushindwa. Najua kwamba kanuni nyingi za fedha haziruhusu kutumia shilingi moja baada ya tarehe ya mwisho. Kanuni hizo mlizitunga ninyi, au waliowatangulia katika viti hivyo, na zinaweza kubadilishwa.

Nasubiri majibu yenu hadharani, na ningependa yaanzie kwenye swali hili: katika mradi mnaouandaa sasa, nani atakayemlipa bwana shamba wa mwaka wa sita, na fedha zake ziko katika fungu gani?

Nawasilisha kwa heshima.